Mwenye Ng'ombe Hunywa Chini

Nchi yenyewe siitaji. Si kwamba jina nimelisahau. Ni kwamba jina lile lina masikio, na mimi usingizi wangu ni mwepesi. Itoshe tu kusema iko mbali sana na hapo ulipoketi, haipakani na nchi yako hata kwa kichuguu kimoja, na watu wake hawafanani na nyinyi. Ukiona mahali wanafanana, yalaumu macho yako. Mimi simo.

Katikati ya nchi hiyo hupita kijito kiitwacho Mwelu. Kinatoka mlimani kikiwa cha baridi ya kuuma meno, kinapita kwenye makao makuu, kisha kinashuka kwa watu wasio na makao yoyote makuu. Na kuna mila pale iliyozaliwa kabla ya bendera: mwenye ng'ombe hunywa chini. Maana yake ni nyepesi. Ukiisha kuwanywesha ng'ombe wako, unashuka kidogo kule maji yanakoelekea, unachota kwa kibuyu na kunywa, jirani zako wakikutazama. Ukikataa, ng'ombe si wako. Atakayekubali kunywa ndiye mwenyewe, na anawaswaga kwake bila kesi.

Kwa hiyo wafugaji wa zamani walikuwa na adabu ya ajabu. Walichimba mabirika mbali na ukingo, wakayaacha matete yasimame na miti itie kivuli, na ng'ombe aliyethubutu kujisaidia mtoni alipigiwa mayowe kama mwizi wa kuku.

Mara moja kwa mwaka ilikuwapo Siku ya Jiwe. Umma ulikusanyika, jiwe moja likainuliwa kutoka kijitoni, na aliyeliinua alitaja kwa sauti kila aina ya mdudu aliyemwona chini yake. Watu waliitikia, "Yupo!" Alikuwapo mikia-mitatu, mdogo kuliko punje ya mpunga, mwenye vijani vya kupumulia ubavuni vinavyopepea bila kuchoka. Alikuwapo mjenzi, anayejijengea nyumba ya chembe za mchanga na kutembea nayo mgongoni, asiyemsumbua mtu kwa kiwanja. Alikuwapo mtoto wa kereng'ende, mwenye uso wa askari mgambo. Na wengine, na wengine. Aina zikiwa nyingi, maji ni mazima. Hapo mkuu wa nchi, kama mwenye ng'ombe mwingine yeyote, alikunywa chini ya ng'ombe wake, ngoma ikapigwa, watu wakaenda kula.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka alipokuja Mfugaji Mkuu wa Kudumu.

*

Mtukufu huyu aliingia madarakani na ng'ombe mmoja, tena wa kuazima. Lakini kila aliyeteuliwa kazi alimshukuru kwa ng'ombe, na kila aliyefukuzwa kazi aliomba msamaha kwa ng'ombe wawili. Kwa kuwa alipenda sana kuteua na kufukuza, kundi likawa kubwa kuliko jeshi, na lenye nidhamu kuliko jeshi. Lilimaliza majani ya uwanda, likamaliza ya uwanja wa mpira, likala bustani ya mahakama pamoja na joho moja la jaji. Mahali pekee palipobaki kijani ni ukingo wa Mwelu.

Bunge likapitisha sheria kwamba ng'ombe wale si wa mtu, ni wa Taifa, ili walishwe popote bila kodi. Ikafuata sheria ya heshima: ni marufuku kuwaita ng'ombe, waitwe Washirika Wenye Pembe. Na kile wanachoacha nyuma yao kiitwe mchango. Fundi cherehani mmoja alikanyaga mchango mbele ya posta akasonya. Wanasema kile kisonyo kilisikika mpaka Wizara ya Ulinzi. Cherehani yake ilikaa barazani msimu mzima wa mvua, na hakuna aliyethubutu kuifunika.

Basi Washirika wakaingia mtoni. Walikula matete mpaka mizizi. Walisugua miti mpaka ikaanguka, kivuli kikaondoka, maji yakawa na joto la uji uliosahauliwa. Kwato zilivunja ukingo, udongo ukashuka na kujaza nafasi zote kati ya jiwe na jiwe, na nafasi hizo ndizo nyumba za wadudu, hawana nyingine. Mchango ukaotesha ute wa kijani uliofunika kila kitu. Wadudu wanaotaka maji baridi na pumzi safi walikufa, au walikwenda na maji.

Lakini hamna uharibifu usio na wanaonufaika. Funza wekundu, wale wembamba wanaojipindapinda kwenye tope, walistawi. Ruba nao walinawiri.

*

Waziri wa Ufafanuzi, Mheshimiwa Mlolwa, aliitisha mkutano mkubwa. Huyu alikuwa na sauti tamu sana, na watu walipoisikia mikono yao iliingia jasho.

"Wadudu wa Mwelu wameongezeka!" alitangaza. "Zamani mliinua jiwe mkakuta vidudu vya kuhesabika. Leo chota tope la kiganja kimoja tu, utakuta funza wasio na idadi. Nani kama Mfugaji Mkuu?"

"Hakunaaa!"

Mkono mmoja ulinyoosheka. Ulikuwa wa Bwana Hamdani Msengi, Mkurugenzi wa Wadudu wa Mto, mtu mpole aliyekuwa na kasoro moja tu, kwamba akiulizwa alijibu.

"Ni kweli ni wengi, Mheshimiwa," alisema. "Lakini wote ni wa aina moja."

Wabunge waliokuwapo ukumbini walitazamana, kisha wakazitazama tai zao, ambazo zote zilikuwa za rangi moja.

"Unamsema nani?" Waziri aliuliza polepole.

"Nasema funza, Mheshimiwa."

"Ndiyo, nimesikia. Nauliza, unamsema nani?"

Kesho yake gari lisilo na namba lilikuja ofisini kumchukua Bwana Msengi akatoe ufafanuzi. Kulikuwa na joto. Alikuwa amevua koti lake la kahawia na kulitundika kwenye mgongo wa kiti. Akauliza, "Nichukue koti?"

"Hutakawia," walimjibu.

Koti likabaki.

*

Kiti kilipewa msaidizi wake, Bwana Ansigari Kitojo. Kitojo alikuwa mwoga wa kuzaliwa. Alibisha hodi hata alipokuwa akitoka chumbani. Alipoambiwa amepanda cheo, alikaa chini sakafuni, na aliyeleta habari akadhani ni shukrani.

Koti la Msengi hakuligusa. Kuliondoa ingekuwa kusema mwenyewe harudi, na kusema hivyo ni kusema serikali imemfanya kitu. Kuliacha ingekuwa kusema anangojwa, na kumngoja mtu ambaye serikali inaye ni kuiharakisha serikali. Basi akawa anakaa kwenye ukingo wa kiti, mgongo umenyooka, asije akaliegemea. Wageni walimsifu kwa mkao wa kijeshi.

Mke wa Msengi, Bi Sikudhani, aliuza maandazi njia ya kwenda ofisini. Kuuliza habari za mumewe lilikuwa kosa. Sheria ilisema hivyo wazi. Kuhusu koti, sheria ilinyamaza.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Shikamoo... hapana, marahaba... hujambo?" Kitojo alichanganyikiwa kila akimwona.

"Koti linaendeleaje?"

"Lipo, shemeji."

"Lina vumbi?"

"Kidogo mabegani."

"Lipungie hewa. Na uliambie nyumbani wote wazima."

"Shemeji, nakuomba, punguza sauti."

"Kwani nimemsema mtu? Nimelisema koti. Chukua andazi, umekonda kama fimbo ya kupimia kina."

Kitojo alilitafuna andazi akitazama nyuma.

*

Siku ya Jiwe ilipokaribia, Waziri Mlolwa alimwita.

"Jiwe la mwaka huu litakuwa na wadudu, Mkurugenzi?"

"Litakuwa nao, Mheshimiwa."

"Wa aina nyingi?"

"Wa kila aina, Mheshimiwa."

"Nimefurahi. Maana nimekiona kiti chako. Kina mgongo mpana. Kinaweza kubeba hata makoti mawili." Kisha akampa pipi.

Kitojo alirudi nyumbani akiwa nayo mkononi, imeyeyuka. Mkewe, Tausi, alimfungua vidole kimoja kimoja akaviosha. "Kakupa nini tena huyu Waziri?" aliuliza. Kitojo alilitazama tu koti lake. Tokea siku ile Tausi akawa anamkazia vifungo vya koti kila asubuhi, bila kueleza kwa nini.

Kamati ya sherehe ilijaribu kwanza njia ya amani: kuwaandikisha funza wekundu kwa majina mengi. Wakapatikana funza mwekundu wa asubuhi, funza mwekundu wa jioni, funza mwekundu aliyejilaza na funza mwekundu mwenye msimamo. Lakini mwaka ule mabalozi walialikwa, na mabalozi wana tabia mbaya ya kuvaa miwani. Ikaamuliwa wadudu wenyewe waletwe.

Walipatikana sehemu moja tu, juu mlimani, nyuma ya miamba ambayo Washirika hawakuwa wameipanda. Kitojo alikwenda huko mwenyewe na ndoo. Alivua viatu, akaingia mtoni penye kivuli, akainua jiwe. Wote walikuwapo. Mikia-mitatu walikimbilia upande wa chini kama watoto waliofumwa jikoni. Mjenzi alitoa kichwa mlangoni mwa nyumba yake ya mchanga, akakirudisha ndani. Mtoto wa kereng'ende alimkunjia uso. Kitojo akatabasamu, na kwa muda wa pumzi moja hakuogopa chochote duniani. Kisha akakumbuka, akageuka haraka kutazama nyuma.

Nyuma hapakuwa na mtu. Hilo likamtisha zaidi.

*

Wadudu wale walishuka kwa msafara wenye king'ora, ndoo ikiwa kwenye kiti cha nyuma, imefungwa mkanda. Tabu ni kwamba mdudu wa maji ya kasi akikaa kwenye maji yaliyosimama hukosa pumzi. Kwa hiyo Katibu Mkuu wa Wizara alikaa pembeni akipuliza ndani ya ndoo kwa mrija wa pombe. Alipochoka akapokewa na Naibu wake, na Naibu akapokewa na Kamishna wa Mifugo. Wananchi waliouona msafara ukipita walilala kifudifudi, kama ilivyo desturi.

Kitojo aliwapanga wadudu chini ya jiwe teule asubuhi ya Siku ya Jiwe, akalizungushia jiwe uzio wa wavu. Mtukufu alitarajiwa asubuhi hiyo hiyo. Jua likapanda. Umma ulisimama mtoni, hakuna aliyejikuna. Mtukufu hakuja. Alikuwa anaamka.

Ndani ya wavu maji yalianza kuwa ya vuguvugu. Mikia-mitatu mmoja akaelea, tumbo juu. Kisha wa pili.

"Wanakufa," Kitojo alimnong'oneza Katibu Mkuu.

"Nani anakufa? Hapa hafi mtu bila kibali."

"Wadudu, Bosi. Wanataka maji baridi na safi."

"Maji baridi na safi yako wapi nchi hii?"

Wote wawili, bila kupenda, waliligeukia hema la Mtukufu. Mle ndani, kwenye sanduku la barafu, zilikuwamo chupa za maji kutoka ng'ambo, zenye picha ya mlima wa theluji. Hapo niwaeleze siri ambayo nchi nzima iliijua: Mtukufu hakuwa amekunywa maji ya Mwelu tangu aingie madarakani. Kibuyu cha mila kilijazwa maji ya chupa kabla ya sherehe. Mkurugenzi alikichovya kijitoni kwa mbwembwe, kizibo kikiwa kimekazwa, akakifungua na kumkabidhi. Watu walipiga makofi. Walikuwa wamezoea.

Kitojo alichukua chupa moja, akaimimina polepole juu ya jiwe. Wadudu wakachangamka. Punde maji yakapata joto tena, akachukua nyingine. Mtukufu akawa anaoga. Chupa nyingine. Mtukufu akawa anachaguliwa viatu. Kitojo alijua anachofanya, maana kibuyu kilikuwa bado hakijajazwa. Lakini hofu ya sasa humshinda mtu kuliko hofu ya baadaye, kwa sababu ile ya sasa ndiyo iliyomshika shati. Chupa ya mwisho ilipoisha, ngoma zikalia. Mtukufu alikuwa amewasili.

Mbele yake, kwa mujibu wa itifaki, walitangulia Washirika Wenye Pembe.

Kundi zima likateremka mtoni. Likanywa, likakoroga, likachangia. Wavu ukang'oka na kwenda zake. Maji yaliyofika kwenye jiwe teule yalikuwa mazito, ya rangi ya chai ya hotelini.

"Mkurugenzi," Waziri Mlolwa alisema kwa ile sauti tamu, "tuinulie."

*

Kitojo aliinua jiwe kwa mikono miwili. Upande wa chini palikuwa na ute, ruba mmoja, na funza mwekundu anayejipindapinda. Hapakuwa na kingine. Balozi mmoja alifuta miwani yake akaivaa tena.

Ng'ombe walikuwa wanasikika wakicheua. Kitojo aliliona koti la kahawia mbele ya macho yake, na juu yake akaliona la kwake. Akafumba macho, akapaza sauti:

"Mikia-mitatu!"

Umma ulilitazama jiwe tupu. Kisha ukawatazama askari waliopangwa ukingoni.

"Yupo!"

"Mjenzi!"

"Yupo!"

"Mtoto wa kereng'ende!"

"Yupo!"

Sauti zilizidi kupanda, kwa maana kila mmoja aliogopa kusikika chini ya jirani yake. Kitojo aling'amua kwamba kadiri anavyotaja, hakuna anayemkamata. Basi hakuthubutu kunyamaza. Alitaja wadudu wote wa ukingoni na wa kilindini. Walipokwisha akataja vyura. Akataja kambare. Akataja ndege waliokuwa wakila wadudu, na matete waliyotagia ndani yake. "Yupo! Yapo! Yupo!" Jasho lilimtiririka na majina yakawa yanatoka yenyewe, bila kuulizwa yanatoka wapi.

"Fundi cherehani wa mbele ya posta!"

"Yupo!"

"Hamdani Msengi!"

"Yu..." Umma ukakwama katikati ya neno, vinywa wazi.

Kitojo alifumbua macho, akajua amesema nini, akabaki amelishika jiwe lile kifuani kama anayenyonyesha.

Mwanamke mmoja, beseni la maandazi kichwani, akajibu kutoka mstari wa mbele, wala hakupaza sauti.

"Hayupo," alisema Bi Sikudhani. "Koti lipo."

*

Aliyeokoa serikali ni Waziri Mlolwa. Alianza kupiga makofi, bendi ikadakia, na kabla umma haujapumua akatangaza, "Wote wapo! Maji ya Mwelu ni mazima! Sasa, kwa mila yetu tukufu, mwenye ng'ombe hunywa chini!"

Kitojo akaletewa kibuyu. Kilikuwa chepesi mno, kwa sababu hakikuwa na kitu ndani, na watu wawili tu pale mtoni walijua hivyo: yeye na Katibu Mkuu, ambaye tayari alikuwa amezimia kwa uangalifu nyuma ya turubai. Kitojo hakuwa na la kufanya. Aling'oa kizibo, akachota kikweli, chini ya mkia wa mwisho, akamkabidhi Mtukufu kwa mikono miwili, amepiga magoti.

Mfugaji Mkuu wa Kudumu alisogeza kibuyu mdomoni. Harufu ikatangulia. Akachungulia ndani, na ndani akaona kitu chekundu kikijipinda. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, watu waliuona uso wa Mtukufu ukifanana na nyuso zao.

Akamnong'oneza Waziri. Waziri akainama, akanyanyuka, akakohoa.

"Ndugu wananchi! Mtukufu kwa unyenyekevu wake anakumbusha kwamba Washirika Wenye Pembe si wake. Sheria inasema ni wa Taifa. Basi mwenye ng'ombe ni Taifa, na anayestahili heshima ya kunywa ni Taifa. Pangeni mstari!"

Askari wakasogea. Mstari ukapangika kwa mitutu ya bunduki. Akina mama waliwafunika watoto nyuso kwa khanga. Mzee mmoja alikuwa anaomba dua kwa sauti ya ndani, akisahau, akianza upya. Na wa kwanza katika mstari, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kusema, aliwekwa Bi Sikudhani.

"Kunywa, mama," askari alisema.

"Kila anayekunywa ndiye mwenye ng'ombe?"

"Ndivyo alivyosema Mheshimiwa."

"Mbele ya mabalozi?"

"Mama, kunywa tu, nakuomba. Mimi mwenyewe nina watoto."

Bi Sikudhani akatua beseni. Akapiga funda moja, akafumba macho, akameza. Akajipangusa mdomo kwa upindo wa khanga. Kisha, badala ya kurudi mahali pake, alipanda ukingo, akazunguka kundi taratibu kama mtu aliye mnadani, akamshika pembe jike mmoja mnono mwenye doa jeupe pajani.

"Huyu," alisema. "Twende zetu nyumbani."

Akaanza kumswaga. Askari alimtazama kapteni. Kapteni alimtazama Waziri. Waziri alitazama mawingu. Mila ni mila, na amri ni amri, na siku ile zote mbili zilikuwa zinasema neno moja.

Wa pili katika mstari akaelewa. Akakinyakua kibuyu, akanywa, akakimbilia dume. Wa tatu hakungoja kibuyu, alikunywa kwa viganja. Mstari uliopangwa kwa bunduki sasa ulikuwa unasukumana kwenda mbele. "Nipishe na mimi, nami ni Taifa!" "Wewe ulikunywa juu, haihesabiki, shuka chini!" "Bwana, yule ndama ana mama yake, wachukue wote!" Hata kapteni alionekana amepiga goti mtoni.

Hapo ndipo tuliposikia ukelele. Mfugaji Mkuu wa Kudumu alikuwa ameruka kutoka jukwaani, akatumbukia mtoni na viatu vyake vilivyochaguliwa asubuhi nzima, nishani zikigongana kifuani.

"Wangu!" alilia. "Wote wangu! Wangu tangu zamani!"

Akalala kifudifudi kwenye tope, chini kabisa ya ng'ombe wote, akanywa. Akanywa mbele ya mabalozi na bendi, akiinua kichwa kupumua na kusema "Wangu!", kisha akiinama tena. Alikunywa mpaka hakuna aliyeweza kubisha.

Na kwa mila, ng'ombe wakawa wake. Askari wakaanza kuwarudisha mmoja mmoja, pamoja na yule mwenye doa jeupe.

*

Redio ilitangaza kwamba Mtukufu ana afya njema na yumo katika kikao cha faragha. Kikao kilikuwa kirefu. Kilifanyika katika chumba kidogo chenye vigae, na ajenda hazikwisha. Wananchi waliokunywa nao walikuwa na vikao vyao, nchi nzima ikawa inaahirisha na kuitisha tena.

Kitojo alikwenda kazini kila siku, akakaa ukingoni mwa kiti, akangoja. Njiani Bi Sikudhani, uso umemsinyaa kwa homa ya tumbo, alimtazama vifungo badala ya macho.

"Shemeji, na koti lako wewe linaendeleaje?"

"Lipo, shemeji," Kitojo alisema. Safari hii hakumwomba apunguze sauti.

Waziri Mlolwa alikuja mwenyewe ofisini siku kikao kilipovunjwa. Alikuwa anatabasamu.

"Umetusaidia sana, Mkurugenzi. Tumegundua tatizo. Maji ya hapa chini hayamfai Mtukufu. Yale ya mlimani, kule ulikochukua wadudu, ndiyo yenyewe. Kwa hiyo tunalipua miamba kidogo, tunapandisha Washirika wote kule. Mwaka ujao Mtukufu atakunywa bila wasiwasi."

"Limebaki jambo dogo la kisheria," Waziri aliendelea. "Wadudu wa kule lazima waridhie. Na sheria inasema wewe ndiwe mdomo wao. Sema tu, 'wameridhia', nikanywe chai."

Mlangoni walisimama wale wanaume wa gari lisilo na namba. Kitojo aliwaona viatu tu. Meno yalianza kumgonga, yakagonga kwa sauti, na Waziri alingoja kwa upole yamalize.

Kitojo akasimama. Alifungua kifungo cha kwanza, kile alichokaziwa na Tausi asubuhi, kikamsumbua, maana uzi ulikuwa mpya. Akafungua cha pili, na cha tatu. Akavua koti, akalikung'uta, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, juu ya lile la kahawia, akayasawazisha mabega yakae vizuri.

"Wadudu," alisema, "wanasema hapana."

Hakuuliza kama achukue koti.

*

Yaliyoendelea mlimani sijapanda kuyaona, na aliyepanda hasemi. Nasikia sheria bado inadai ridhaa ya wadudu, na bado hajapatikana wa kuisema kwa niaba yao. Mkurugenzi mpya yupo. Ni kijana mwenye shahada mbili na mkao wa kijeshi. Kila asubuhi wanawake wawili wenye mabeseni ya maandazi, Bi Sikudhani na Tausi, humsimamisha njiani wakamuuliza kwa heshima zote makoti yanaendeleaje. Hujibu kwamba yapo, huku akipita mbio.

Wanasema asubuhi kule kuna baridi kali siku hizi, ya kuuma masikio. Lakini yeye huja kazini bila koti.